Taa Zisizomwona Aliyetulia

Wiki jana nilikuwa peke yangu kwenye korido ndefu ya jengo jipya la serikali hapa Meru, nikingojea cheti cha kifo cha mume wangu. Nilitulia kama tunavyotulia matangani. Ghafla taa zote zikazimika. Dirisha hakuna. Nikaita, "Yesu!"

Askari akacheka mlangoni. "Mama, punga mkono! Hizi taa ziliundwa hivyo kwa jengo hili. Usiposonga, zinajua hakuna mtu."

Nikainua mikono yote miwili kama kanisani, zikawaka. Mungu humwona hata aliyetulia, lakini hizi taa sikuziamini. Niliogopa kuishusha mikono.

Karani akatokea. "Mama, unaomba?"

"Ninaomba, kijana wangu. Msije mkaandika vyeti viwili, cha mume wangu na changu."