Gari la Kuegesha Kwenye Mteremko

Ukikaa Mbeya na gari bovu, mlima ndio fundi wako wa kwanza. Unaegesha pua ikitazama bondeni, unaweka jiwe kwenye tairi la mbele. Ukitaka kuondoka unatoa jiwe, gari linaserereka, unaingiza gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Hata kanisani kwetu utakuta magari ya wazee yote yanatazama chini, na jiwe la kila mtu liko palepale toka Jumapili iliyopita.

Langu lilikuwa gari la spoti, la zamani, milango miwili, tumbo karibu liguse lami. Nililinunua likiwa limefubaa, nikalipeleka likapakwa upya, jekundu, nje na ndani ya boneti, mpaka kwenye vichochoro ambavyo hakuna anayevichungulia. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania hivyo. Nilitaka mtu akifungua boneti ashike mdomo. Watani wangu pale Uyole wakasema Mhehe kanunua ndala ya kupanda. Waseme! Moyo wangu ulikuwa mweupe.

Hazikuisha wiki mbili tangu lipakwe, likaanza vituko. Asubuhi linawaka. Mchana umetoka kununua viazi, unazungusha ufunguo: tik. Basi. Taa zinawaka, redio inaimba, stata inasema tik moja na kunyamaza. Unasubiri, unazungusha tena, linanguruma utadhani hamkukosana. Na ukimwita fundi ndiyo kabisa, likimwona tu linawaka.

Fundi wangu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Mke wangu alimlea tangu mama yao alipofariki, akimbeba mgongoni kwenda naye shamba. Sisi hatukujaliwa mtoto. Huyo ndiye aliyekuwa mtoto wa nyumba. Alikuwa na gereji ndogo Uyole, kando ya barabara ya malori, na mikono yake ilisifiwa mpaka na madereva wa Zambia. Alipima betri, akasema ni nzima. Akaishusha stata, akaifungua juu ya gunia, akaisafisha, akairudisha. Siku tatu likawaka, ya nne tik.

Akainama tena, akachungulia ule waya mnene unaotoka kwenye hasi ya betri na kufungwa kwenye bodi, ambao mafundi wanauita waya wa ethi.

"Shemeji, hapa pamepakwa rangi," akasema. "Niruhusu nifungue boliti hii nikwangue mpaka chuma kionekane. Umeme haupiti kwenye rangi."

Nikamwambia asithubutu. Rangi haijamaliza miezi miwili, yeye anataka kuikwangua na bisibisi! "Tafuta ugonjwa mwingine," nikasema. Akanitazama, akafunga boneti polepole. Na kwa kuwa mteremko ulikuwepo, sikuwa na haraka. Niliegesha kichwa chini nyumbani, kichwa chini sokoni, kichwa chini kanisani, mwaka mzima.

Kisha jamaa mmoja tunayeimba naye kwaya akaninong'oneza. Stata za magari kama hilo zinatafutwa sana, akasema. Mafundi wanazitoa wanakufungia iliyochoka. "Shemeji yako si aliishusha? Uliiona ikirudi?" Sikuiona. Nilikuwa nimekwenda kunywa chai.

Jumamosi hiyohiyo, baada ya mazoezi ya kwaya, gari likagoma. Kuna mtu alikuwa ameegesha mbele yangu akaniziba, mteremko haukunifaa kitu. Soprano wote wamesimama wananitazama nikizungusha ufunguo, tik, tik, tik. Damu ikanipanda kichwani. Nilikwenda kwa miguu mpaka gereji.

"Mwizi wewe!" Nilianzia hapo, hata hodi sikupiga. "Stata yangu umeiuza, umenifungia takataka! Kikulacho ki nguoni mwako, leo nimeamini!"

Wateja wanne walikuwepo, na mama muuza chai, na dereva wa lori ambaye injini yake ilikuwa imefunguliwa nusu. Shemeji alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Shemeji, umelisema mbele za watu," akajibu.

"Hasira hasara," mke wangu aliniambia niliporudi nyumbani. Nikamfokea na yeye. Lakini neno mwizi likishatamkwa gerejini, nani ataacha gari lake hapo? Haikupita miezi miwili shemeji akafunga gereji, akaenda Mafinga kubeba mbao kwenye kiwanda. Fundi yule, kubeba mbao! Hakukanyaga tena kwetu, simu zetu hakupokea. Krismasi mke wangu alitenga sahani yake, akaifunika. Asubuhi niliikuta bado imefunikwa.

Ukweli niliukuta Igawa, mahali pasipo na mteremko. Nilikuwa naenda Iringa kwenye kipaimara cha mpwa wangu, nikasimama kununua mchele. Nikazunguka huku na huku nikitafuta pa kuinamisha pua, lakini kule Usangu ni tambarare tupu. Nikaegesha hivyohivyo. Kurudi: tik. Jua la saa saba linachoma, akina mama wauza vitunguu wanacheka. "Baba, libebe mgongoni basi, si dogo!"

Dereva wa lori la mbao akashuka na waya wa kubusti betri. Akabana ncha moja kwenye hasi ya betri yangu, ya pili kwenye chuma cha injini. "Washa." Likawaka. Nikazima, akatoa waya: tik. Akarudisha: likawaka. Akachukua spana, akafungua boliti ileile, na chini ya kichwa cha waya ilikuwepo rangi yangu nyekundu, inang'aa, nzima kabisa. Akaikwangua kwa kisu. Kazi nzima haikuchukua muda wa kumaliza chupa ya soda.

"Mzee, fundi wako hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Kipaimara sikwenda. Niligeuza nikarudi Mbeya, nikamweleza mke wangu yote, hata lile la kumkataza mdogo wake kukwangua. Alisikiliza huku akichambua mchele niliotoka nao Igawa.

"Nenda ukamwambie mwenyewe," akasema. "Umwambie arudi nyumbani." Akaufunga mchele kwenye kanga yake ya kijani, akanikabidhi.

Mafinga nilimkuta kwenye ua wa kiwanda, amekonda, nywele zimejaa unga wa mbao. Nilipiga magoti palepale kwenye maranda, mzee mzima. Niliongea kwa sauti wenzake wasikie, maana nilimtukana mbele za watu. Nikasema nimekosa. Nikasema gari limepona, ilikuwa rangi, kama alivyoniambia. Nikamwomba arudi, dada yake anamngoja.

"Inuka, shemeji, utachafua suruali." Akatazama getini, nilikoliacha gari. "Limepona?"

"Limepona kabisa."

"Sasa mbona umeliegesha kichwa chini? Na jiwe umeweka."

Niligeuka kutazama. Haki ya Mungu, sikumbuki nilivyofanya. Mikono ilifanya yenyewe. Nikaanza kueleza habari za mazoea, akaniinulia kiganja.

"Nikirudi kwako utafanya hivyohivyo na mimi. Nitashika kijiko, utahesabu vijiko."

Nikamnyooshea ule mchele. Kanga aliitambua. Aliipokea na mchele wake, akaibana kwapani.

"Mwambie dada nimepokea, nashukuru. Mwambie tutaonana msibani." Akarudi kwenye mbao.

Gari liliwaka mara moja, safi kabisa, na mimi nikalia kutoka Mafinga mpaka Makambako. Kuanzia hapo nikatunga uongo wa kumpelekea mke wangu. Nilimkuta amesimama mlangoni, amevaa vizuri, anatazama kiti cha pembeni yangu ambacho hakikuwa na mtu.

"Amesemaje?"

Uongo haukutoka. Nikamwambia kama nilivyoambiwa.

"Msibani," akarudia. Akanitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. "Msiba wa nani, baba? Mimi nina ninyi wawili tu."