Jarida la Shangazi

Nikiikumbuka miaka ile, naiona kama kupitia ukungu wa asubuhi ziwani, milima ya Kongo ikitokea na kupotea. Shangazi yangu alikuwa na jarida. Alilitengeneza katika chumba kimoja mtaani Mwanga, ghorofani, juu ya mafundi cherehani. Mtetemo wa vyerehani vyao ulipanda hadi kwenye nyayo zangu nilipokuwa nachapa habari zake kwenye kompyuta.

Aliandika mambo ya ndoa: nani kaachwa, nani kaoa kwa siri. Majina hakutaja, lakini mji wenyewe mdogo. Alisemwa misikitini, akasemwa makanisani, na jarida likazidi kununuliwa. Lilipanda hadi Kalinzi, kule milimani, kwa bodaboda, likaenda vijiji vya ziwani kwa boti. Jioni moja Ujiji niliwakuta wanawake waliomaliza kuanua dagaa wamekaa mchangani, mmoja akiwasomea wenzake kwa sauti, maji nyuma yake yakimeta. Nilisimama kama niliye ndotoni. Maneno yale niliyachapa mimi.

Kisha shangazi akaandika habari za mfanyabiashara wa Ujiji aliyeficha mke wa pili ng'ambo ya ziwa. Wiki haikuisha, mke mkubwa akapanda ngazi zetu.

"Shikamoo, mama," shangazi alisema.

"Marahaba. Uliyoandika ni kweli."

Shangazi akatabasamu, akamsogezea kiti. Yule mama hakukaa.

"Nilikuwa nayajua tangu mwanzo. Nikanyamaza kwa sababu zangu. Sasa hata wauza nyanya sokoni wananionea huruma."

"Nitakuomba radhi kwenye toleo lijalo."

"Usiniandike tena, mwanangu."

Akashuka polepole, ameshika ukuta. Shangazi alimtazama kutoka dirishani hadi akapotea, halafu akasema, "Zima kompyuta."

Maduka yalikuwa yameanza kulikataa jarida, na mwenye mtambo wa kuchapa akadai hana nafasi. Shangazi hakuhangaika kutafuta mwingine. Chumba akakirudisha kwa mwenyewe.

Siku hizi ana saluni ndogo Ujiji. Wanawake wanainamisha vichwa kwenye beseni, wanafumba macho, wanamweleza ya nyumbani kwao. Juzi binti mmoja alimuuliza, "Eti mama, ni wewe uliyekuwa na lile jarida?"

"Inama vizuri," shangazi alimjibu, akimmiminia maji ya uvuguvugu, "povu lisikuingie machoni."