Harufu ya Nazi Upande wa Bondeni

Mama aliamua kuoka mchana ili tumalize kabla jua halijazama. Kesho yake mdogo wangu alikuwa anapata kipaimara, na kwetu hakuna kipaimara bila biskuti za oti na nazi. Bibi ndiye aliyezileta nyumbani, zamani alipokuwa anapika kwa masista. Oti tunanunua Mpanda mjini, ziko kwenye kopo. Nazi inatoka mbali na inatufikia imekauka, lakini kwa biskuti hiyo ndiyo nzuri.

Mwaka huu mwanzoni mama hakutaka kuoka. Siku chache kabla, tembo alikuwa amebomoa ukuta wa nyumba ya jirani, akavuta magunia ya mahindi nje akala. Mahindi yetu ya mwaka mzima yalikuwa chumbani kwa bibi, na bibi hatembei. Kitanda chake kimegusa ukuta wa upande wa bondeni, wanakotokea tembo.

"Mahindi makavu tu wanayanusa," mama alisema. "Nazi na sukari si ndiyo tunawaita kabisa?"

"Oka," bibi akajibu kutoka ndani. "Mjukuu wangu apakwe mafuta na askofu, halafu arudi ale maandazi kama yuko msibani?"

Nikakuna nazi. Mama akaichanganya na oti, unga, sukari na siagi aliyoiyeyusha. Oveni hatuna. Tunaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, juu ya mchanga sahani ya bati yenye biskuti, tunafunika, kisha mkaa chini na mkaa mwingine juu ya mfuniko. Kazi yangu ni kuangalia mkaa wa juu. Naipenda kwa sababu haihitaji kuongea.

Jirani mmoja akapita na baiskeli akitoka shambani.

"Shemeji, hiyo harufu nimeipata tangu kwenye majaruba ya mpunga."

"Karibu uonje," mama akasema.

"Nitaonja kesho. Wengine ndio hawasubiri kukaribishwa."

Alicheka peke yake. Akatazama bondeni, akapanda baiskeli, akaondoka haraka.

Jua lilipofika kwenye miti tulikuwa na sahani ya mwisho motoni. Mbwa wa jirani alikuwa anabweka, akanyamaza ghafla.

"Nani anapita huko nyuma?" bibi akauliza. Hakupaza sauti.

"Hakuna mtu, mama," mama akamjibu.

"Basi kuna kitu kinapumua hapa ukutani."

Tumefundishwa kupiga debe na kupiga kelele ili watu waje. Mama alifungua mdomo, sauti haikutoka. Yangu ni ndogo hata shuleni, mwalimu alipoita majina nilikuwa naitika mara mbili. Dirishani kulikuwa na matofali ya pilipili, yale ya kinyesi cha ng'ombe na pilipili iliyotwangwa, ambayo moshi wake tembo hawaupendi. Nikachukua moja nikaliweka juu ya mfuniko, kwenye mkaa wa biskuti. Moto mwingine haukuwepo.

Moshi ukazunguka nyumba. Macho yalituwaka. Ndani bibi alikohoa mpaka nikaogopa kwamba moshi utamuua kabla ya tembo. Kisha ukuta ukalia, kama gunia kavu linalochanika. Baada ya hapo tukasikia migomba ikivunjika, karibu, halafu mbali kidogo.

Tulipokwenda kuangalia, ukuta ulikuwa umepasuka juu ya mto wa bibi. Kwa nje, tope la paji la uso wa tembo lilikuwa limebaki kwenye matofali, juu kuliko mkono wangu unavyofika.

Kesho yake biskuti tuliwapa wageni hivyo hivyo. Walikohoa, wakacheka, wakauliza tumetia kiungo gani. Bibi alikula zake na chai, akasema pilipili imezidi.

Mahindi tukayahamishia kwa ndugu wa mama katikati ya kijiji. Bibi alikataa kuhama. "Anafuata mahindi, hanifuati mimi," alisema. Mama akasugua ile sufuria kwa majivu, akaining'iniza darini. Hatujaoka tena.

Juzi asubuhi nilikwenda nyuma ya nyumba na udongo ili nizibe ufa. Chini yake nikakuta nyayo mpya, pana kama ungo. Tembo alikuwa amesimama ameelekea ukutani. Ndani bibi alikuwa anaimba taratibu.

Nikafuta zile nyayo kwa mguu. Nikaingia, nikashika kitanda upande wa miguuni, nikakivuta.

"Nyie, mnanipeleka wapi?" bibi akauliza, ingawa nilikuwa peke yangu.

"Katikati, bibi."

Chumba chenyewe ni kidogo. Nilipoacha kuvuta, mkono wake bado ulikuwa unaufikia ukuta.