Ramani Asiyevuka Kizuizi

Ndugu mdogo wa marehemu mume wangu aliwajazia watu mafuta kwa miaka ishirini na tisa, kwenye kituo cha mwisho kabla ya mpaka. Madereva walimpa jina la Ramani, kwa sababu aliijua barabara ya ng'ambo kuliko waliozaliwa huko. Ng'ambo yenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kutoka pampu yake hadi kizuizi cha mpaka ni mwendo wa kuvuta sigara moja. Yeye sigara hakuvuta, na kizuizini hakwenda.

Alisoma magurudumu. Lori likiingia kutoka ng'ambo, alichuchumaa kwanza kabla hajashika bomba. Tope jekundu likifika nusu ya gurudumu, mchepuko unapitika. Likipanda juu ya nati, mtu asubiri siku mbili. Vumbi jeupe ni kokoto mpya darajani. Kisha alitazama lita zilizoingia, akajua gari lilisota gia ya kwanza kwa muda gani. Dereva mwenyewe hakumwuliza neno.

"Dereva ni mwongo," alisema. "Akichelewa, barabara mbaya. Akitaka sifa, barabara mbaya zaidi. Gurudumu halina tajiri wa kumdanganya."

Mimi shemeji yake niliuza maji ya ndoo kando ya pampu hiyo, na hotuba hiyo niliisikia kila siku isipokuwa siku alizoumwa jino. Lakini ukweli niuseme: hakukosea. Hakuna gari lililowahi kurudi kumlaumu. Mke alimkimbia, shamba hakuwa nalo. Alikuwa na neno lake tu, na kwa hilo alitembea kifua mbele kama mwenye magorofa.

Msimu mmoja wa mvua, malori yakaanza kuja na magurudumu safi kama sahani za harusi. Siku ya kwanza Ramani alichuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Siku ya tatu akatangaza.

"Lami imefika."

"Lami gani, shemeji?" nikamwuliza. "Wiki iliyopita tope lilikuwa linameza watu."

"Siku hizi kuna wakandarasi."

"Wakandarasi au malaika? Si umuulize dereva."

"Shemeji, uza maji."

Aliniambia hivyo mbele ya wateja wanne. Sasa, nilipoinama kuokota mfuniko wa ndoo, bonge la tope bichi lilidondoka kutoka chini ya bodi ya lori safi lililosimama pampuni. Nililiona kwa macho yangu mawili. Lakini nimeambiwa niuze maji, nikauza maji.

Kesho yake asubuhi ikaja nyumba yenye magurudumu. Mwalimu mstaafu alikuwa ameligeuza basi dogo kuukuu: kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua. Yeye na mkewe walikuwa wanakwenda ng'ambo kumtembelea binti yao. Mwalimu alishuka na daftari, maana alishaambiwa njiani kwamba kwa Ramani watu huandika.

"Dizeli ya madumu, huko mbele, usiimwage tangini kama ulivyoipokea," Ramani alimwambia. "Weka kidogo kwenye chupa nyeupe, hesabu mpaka mia mbili. Maji yatakaa chini, mafuta juu. Ukiona mstari katikati, mrudishie mwenyewe. Ikiwa safi, bado uichuje kwa kitambaa."

Mwalimu aliandika.

"Na nyumba yako ni ndefu kwenda juu, mzee. Upepo unaisukuma kifua. Usipite sitini, la sivyo itakunywa kama mlevi wa mwisho wa mwezi."

"Basi nijaze tangi na dumu la akiba."

"Ya nini? Barabara ni lami tupu sasa. Kuna milima, usibebe uzito wa bure. Nusu tangi itakufikisha. Dumu nalo litamnukia mama kitandani."

Yule mama akanigeukia. "Na wewe, dada, unasemaje?"

"Mimi nauza maji," nikasema.

Hilo ndilo lilikuwa jibu langu lote, na nililitoa kichwa juu. Niliwajazia ndoo mbili za ziada, nikakataa malipo, nikajiona nimetenda wema. Wakaondoka wanapunga mikono dirishani, mapazia yanapepea.

Siku ya pili mchana, dereva wa lori akashuka anatingisha kichwa.

"Ramani, kuna nyumba imejengwa katikati ya barabara huko. Kilomita arobaini hivi. Ina mapazia."

Ramani akaacha bomba. "Imegonga?"

"Imezama. Mzee kakanyaga mafuta siku nzima akijinasua, tangi likakauka. Mimi kamba sina, na mafuta nilikuwa nasukuma kwa dua."

"Na lami?"

"Lami ipi?"

"Magurudumu yenu ni masafi."

Dereva alicheka mpaka akashika mlango. "Ni josho, baba. Kuna ugonjwa wa ng'ombe, wamechimba karo la dawa kwenye kizuizi chao. Kila gari linaogeshwa miguu kabla ya kuvuka. Si ungeuliza?"

Ramani alinitazama mimi.

"Ulijua, shemeji?"

"Josho sikujua. Niliona tope chini ya bodi."

"Hukusema."

"Uliniambia niuze maji."

Tukabaki tumesimama, punda wawili kwenye kigingi kimoja. Kisha akajaza madumu mawili, akavua kamba ya kuanikia nguo zangu bila kuomba, akapanda lori lililokuwa linavuka. Pale mpakani, afisa aliyemjua miaka yote alimwuliza madhumuni ya safari. Akasema, "Kosa langu." Afisa akaandika: mafuta.

Alirudi baada ya siku mbili, tope mpaka mapajani, koti limechanika. Mwalimu na mkewe walikuwa wamevutwa, wamejaza, wamefika kwa binti yao. Mwalimu hakumlaumu, eti alimshukuru kwa ile habari ya chupa nyeupe. Mimi nililetewa salamu na yule mama.

"Anasema maji yako yaliwaweka hai siku mbili," Ramani akaniambia. "Na anasema nikukumbushe kwamba alikuuliza."

Kamba yangu nayo haikurudi, na sikuidai.

Mngedhani baada ya hapo angejifunza kuuliza. Wapi. Sasa ni mtu aliyefika. "Nimeiona kwa macho yangu," anamwambia kila mwenye gari: jaza tangi mpaka shingoni, beba madumu mawili, kilomita ya arobaini kaa kushoto. Mwaka uliofuata lami ilikuja kweli, na mpaka leo anawaonya watu na shimo lililofukiwa zamani. Kuchuchumaa ameacha. Anasema magoti.

Magoti yangu ni makubwa kuliko yake kwa miaka sita. Gari likija kuchukua maji, nachuchumaa, natazama gurudumu, naingiza mkono chini ya bodi, kisha namwuliza dereva. Anayekwenda huko namnong'oneza palepale kwenye ndoo, hata asiponiuliza, ili shemeji asisikie. Mpaka sijawahi kuuvuka, wala sina haja. Aliyevuka tunaye, na faida yake mnaiona.