Hodi ya Mchanjaji wa Kuku

Mchanjaji wa kuku hunawa mikono kila anapotoka nyumba moja kwenda nyingine, na Lea anamtilia shaka kwa hilo: mtu asiye na lake jambo hanawi hivyo. Tena huongea polepole, Kinyiramba kitupu, ilhali si Mnyiramba. Leo, kichupa cha chanjo kikiwa juu ya jicho la jogoo, Lea alimuuliza ugonjwa wa kideri unaingiaje mwilini.

"Seli ina vipokezi juu yake, mama, vya kupokea vitu inavyohitaji. Kirusi hujifanya mwenyeji, kikashika kipokezi, na seli yenyewe ikakifungulia."

Lea akakumbuka alivyomfungulia mchanjaji mlango asubuhi, kwa kuwa tu alimwamkia kwa Kinyiramba. Akampokonya jogoo kabla tone halijadondoka.