Hatua ya Mwisho

Juzi niliona boksi la mashine ya michezo ya video limeandikwa kwamba televisheni inauzwa kando. Zamani, nilipokuwa mdogo, baba hakuandikiwa hivyo. Muuzaji wa Kismayo alimpa mashine kama hiyo, akachukua kamba wote tuliovua, akaapa kuwa picha na umeme vimo humo humo ndani.

Kwetu kisiwani Chula, mama aliifukiza ubani kama chombo kipya cha kuvulia, kisha tukabonyeza vitufe mchana kutwa. Picha haikutokea. Mimi nilidhani huko kubonyeza ndiko kucheza.

Tuliporudi mjini, muuzaji alimuuliza baba mbele ya wateja, "Adeer, ami yangu, mmefika hatua ya ngapi ya mchezo?"

"Ya mwisho," baba alijibu, macho chini.

Duka zima likaangua kicheko. Nikadhani wanampongeza, nikapaza sauti: "Na mie nilicheza!"