Maelezo ya Tezi kwenye Barieri ya Lulimba

Wahusika wa kifo cha binti yangu ni wawili: mkuu wa barieri, kizuizi cha watu wenye bunduki kwenye njia ya Lulimba, aliyeamuru tupigwe, na mimi, niliyeandika karatasi aliyoisoma. Naanza na hilo ili jalada lisipotoshwe.

Binti yangu alipoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, na tezi ndogo iliyo chini ya ubongo ikafa. Tangu hapo aliishi kwa vidonge vilivyoshika nafasi ya homoni za tezi hiyo. Daktari wetu wa mji wa Baraka alitueleza kwamba katika maabara za mbali wataalamu wameotesha, kutoka seli shina za binadamu, zile zinazoweza kukua kuwa kiungo chochote, kipande cha ubongo pamoja na tezi yake, nacho hutoa homoni kama kile cha mwilini. Bado si tiba, alisisitiza. Binti yangu alimwomba ayarudie maneno hayo.

Miaka yangu yote katika utawala wa eneo la Fizi niliamini kwamba karatasi iliyo wazi hufungua njia. Kwa hiyo niliyaandika maelezo ya daktari kwa Kiswahili, nikayaambatisha kwenye cheti cha dawa, tukapanda pikipiki ili nimrudishe kwa mumewe Lulimba.

Barierini mkuu alipekua mfuko, akasoma kwa sauti: ubongo, binadamu, kuotesha.

"Muzee, hii bongo ya bantu unauzishaka wapi?"

Nilianza kumfafanulia kwamba siuzi ubongo wa watu, na seli ni nini. Kitako cha bunduki kikanivunja meno mawili. Watu wake walimwangusha binti yangu, wakampiga mateke ya mbavu, wakamwaga vidonge matopeni na kuvikanyaga, wakicheka kwamba mbegu za uchawi hazitaota hapo. Nami, damu ikinijaa mdomoni, nilikuwa bado namsahihisha mkuu yule.

"Papa, wacha kubafundisha," alisema binti yangu kutoka chini. "Uombe tu dawa."

Niliomba. Hakikubaki kidonge kizima. Wakatushikilia hadi jioni.

Mwili uliopigwa huhitaji maradufu homoni inayousaidia kustahimili majeraha, nayo ilikuwa katika vidonge vile. Wake haukuwa nayo kabisa. Alitapika, akawa baridi, akafa kesho yake kabla ya adhuhuri, tukiwa njiani kurudi Baraka kufuata dawa nyingine.

La kwangu nimelikiri. Nadai mkuu wa barieri ile aitwe mahakamani, aeleze kwa maandishi ni nani aliyempa mamlaka ya kupekua dawa za mgonjwa, na ni kwa sheria ipi ziliharibiwa mbele ya mwenyewe aliyezihitaji ili aishi.